Kisichotupwa: Jembe, Mugomba na Ngombe katika Milima ya Rurambo

Siku hizi katika miji yetu kunasikiwa neno jipya: uchumi wa mzunguko. Wenye kulitumia wanataka kusema hivi: kitu kikiisha kutumiwa kisitupwe, bali kirudi katika kazi, takataka ya mumoja iwe mali ya mwingine, na udongo urudishiwe kile ulichotoa. Hata Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka wa 2015, alihuzunika kwa kuona kwamba viwanda vya dunia havijajifunza bado kufanya kazi kwa mzunguko, namna miti na nyama wa pori wanavyofanya. Neno hilo limefika kwetu likiandikwa katika karatasi za mashirika, kwa Kifaransa, na kwa hiyo watu wengi wanadhani kwamba mafundisho yenyewe nayo yametoka Ulaya pamoja na karatasi.

Lakini mutu anayeacha uwanda wa Ruzizi na kupanda mupaka Rurambo, katika milima ya teritware ya Uvira, anaona mambo mengine. Anaona jembe lililolika mupaka kubaki kama kiganja cha mukono, na mwenyewe hajalitupa. Anaona ngozi ya mbuzi inayofanya kazi ya mapafu katika kiwanda cha muhunzi. Anaona maboga yanayostawi kuliko yote mahali palipokuwa zizi la ngombe. Mambo hayo si mapya. Kusudi langu ni kuyatazama kama mwanahistoria anavyotazama: yalitoka wapi, yalisimama juu ya nini, na kwa nini leo yanavunjika.

I. Jembe

Tuanze na chuma. Katika inchi za Maziwa Makubwa ufundi wa kuyeyusha chuma ni wa zamani sana. Kule Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, mahali paitwapo Katuruka, Peter Schmidt alichimba katika miaka ya 1970 na kukuta mabaki ya matanuru yenye zaidi ya miaka 2000. Katika miaka ile ile aliwaomba wazee Wahaya, waliokumbuka bado kazi ya baba zao, wajenge tanuru tena mbele ya macho yake. Basi wazee wetu hawakungoja meli kuja na majembe.

Upande wetu nao si maskini wa ushuhuda. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitoka Ujiji. Burton aliandika bidhaa ambazo wafanya biashara walizifuata Uvira: watumwa, pembe za tembo, nafaka, nguo za magome ya miti, na vitu vya chuma. Neno la kwanza katika hesabu hiyo ni aibu na uchungu, wala hatuna ruhusa ya kulipita kama vile halikuandikwa. Lakini neno la mwisho linatuonyesha kwamba kando ya ziwa letu kulikuwa na soko la chuma kilichofuliwa katika inchi hizi.

Chuma hicho kilipatikana kwa taabu. Ilifaa kuchimba mawe yenye chuma, kukata miti mingi na kuichoma iwe makaa, kujenga tanuru la udongo, kisha kuvuvia kwa mivuo ya ngozi saa nyingi bila kuacha. Mwisho wa kazi yote hiyo, donge moja tu, na kandokando yake mavi ya chuma. Kwa sababu hiyo jembe lilikuwa mali ya kweli. Katika makabila mengi ya Maziwa Makubwa jembe liliingia katika mahari. Na majembe ya Unyamwezi yalitembea mbali katika biashara ya karne ya 19.

Sasa tazama maisha ya jembe moja. Likiwa jipya, linavunja udongo mugumu. Likiisha kulika nusu, halifai tena kwa kulima, lakini ni jepesi kwa kupalilia maharagwe. Linapewa muke au mutoto. Likiisha kulika zaidi, linarudi kwa muhunzi. Yeye analitia motoni, analigawanya: kisu cha jikoni, au wembe, au sindano kubwa ya kushonea, au kichwa cha mushale. Tena vipande vidogo vya majembe mawili matatu vinaunganishwa motoni vikawa kitu kimoja. Mwenye kazi ndiye aliyeleta chuma chake, mara nyingi na makaa pia; muhunzi alipata malipo yake kwa kuku, kwa pombe, au kwa siku za kazi katika shamba lake. Hivi muhunzi hakuuza chuma. Aliuza moto na akili.

Wakati wa ukoloni majembe ya viwanda vya Ulaya yalifika kwa bei ndogo. Katika karne ya 20 matanuru yakazimika katika inchi zetu, moja baada ya moja. Watu wanasema: ufundi ulikufa. Neno hilo ni kweli nusu tu. Tanuru lilikufa, lakini kiwanda cha muhunzi hakikufa. Muhunzi aliacha kutafuta mawe ya chuma, akaanza kutafuta gari lililokufa. Resori ya kamyo ni chuma kizuri kuliko jembe la dukani. Anaikata, anaifua, inakuwa mupanga, jembe, shoka. Jambo hilo linaonekana Afrika ya Mashariki yote. Kule Nairobi, mutaa wa Kamukunji ni maarufu kwa mafundi wanaofua mapipa na mabati makuukuu wakitengeneza masanduku, makarai na majiko ya makaa. Desturi ya kurudisha chuma motoni ilikuwa na nguvu kuliko desturi ya kukiyeyusha: moja ilizimika, nyingine inaishi.

II. Mugomba

Tuje kwenye mugomba. Juu kabisa, penye baridi, hauzai vema. Lakini katika mabonde ya katikati ya mulima, na chini mupaka ziwani, ni mama wa nyumba. Ndizi zinaliwa, au zinakamuliwa ziwe kasiksi. Maganda wanapewa mbuzi na ngombe. Majani mabichi yanafunika chungu na kufunga chakula cha safari. Majani makavu yanatandikwa chini ya migomba yenyewe, na hapo yanalinda udongo na mvua, yanazuia magugu, mwisho yanaoza na kuwa chakula cha mugomba unaofuata. Nyuzi za shina zinasokotwa kuwa kamba na ngata ya kubebea muzigo kichwani. Shina likiisha kukatwa, wakati wa kiangazi linakatwakatwa vipande kwa ngombe, kwa sababu lina maji mengi. Maganda yaliyokaushwa na kuchomwa yanatoa majivu makali. Maji yaliyochujwa katika majivu ya namna hiyo, yakichanganywa na mafuta ya mawese ya kando ya ziwa, yanafanya sabuni.

Hesabu, ndugu musomaji: ni kitu gani cha mugomba kilichotupwa? Hakuna hata kimoja. Na tafadhali angalia jambo moja. Karibu kila hatua inahitaji mukono wa mutu mwingine. Mwenye migomba si lazima awe na ngombe. Mwenye ngombe hana mawese. Mwenye mawese anaishi ziwani, mbali na wote wawili. Mzunguko wa mugomba haukamiliki katika ua wa nyumba moja. Unakamilika sokoni na katika ujirani. Neno hili tutalihitaji mbele.

III. Ngombe na shamba

Sasa tufike kwenye moyo wa habari. Udongo wa milima unachoka upesi. Mvua inaosha mutelemko, na kila gunia la maharagwe linaloshuka Uvira linabeba sehemu ya nguvu ya shamba. Ni nani anayeirudisha? Ngombe. Yeye anakula majani katika malisho ya juu, mahali pasipolimwa, na anashusha nguvu ya majani hayo katika samadi. Ngombe ni mubebaji wa mbolea mwenye miguu minne.

Wazee wa inchi nyingi waliijua siri hiyo. Kule Buhaya shamba la migomba lilidumu mahali pamoja kizazi baada ya kizazi kwa sababu ya samadi iliyoletwa kutoka malishoni. Wachaga wa Kilimanjaro walifunga ngombe nyumbani, wakawakatia majani, wakapeleka samadi migombani. Katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria, watu ni wengi na udongo ni muchanga. Lakini wamelima kila mwaka bila kupumzisha shamba, kwa kuweka ngombe katika mashimo ndani ya nyumba, kukusanya samadi yote, na kupanda mimea ambayo kazi yake ni kufukiwa na kulisha udongo.

Katika milima yetu ya Uvira njia ilikuwa nyingine, kwa sababu kazi ziligawanyika. Wafuliru na Wanyindu walijulikana zaidi kwa jembe, Wanyamulenge zaidi kwa ngombe, ingawa mufuliru mwenye ngombe na munyamulenge mwenye shamba walikuwapo na wapo. Mavuno yakiisha, mabua ya mahindi na ya mtama hayana faida tena kwa mulimaji. Kwa ngombe wakati wa kiangazi ni chakula. Basi muchungaji anaingiza kundi katika shamba lililovunwa. Ngombe wanakula mabua, wanaacha samadi. Mvua ya kwanza inapokuja shamba liko tayari. Mulimaji hakulipa mbolea, muchungaji hakulipa majani. Juu ya hayo kulikuwa kubadilishana vitu: maziwa, siagi na ngozi upande mumoja, maharagwe, mahindi na pombe upande mwingine. Na zizi likihama, mahali pake pa zamani, tongo, panakuwa bustani ya maboga, tumbako na lengalenga, maana kila mutu anajua kwamba udongo wa pale ni mweusi na munono.

Lakini shamba moja linaweza kuwa karamu ya ngombe leo na vita kesho. Ngombe akiingia siku kumi kabla ya mavuno, ni mwizi. Akiingia siku kumi baada yake, ni mugeni. Tofauti yote iko katika tarehe. Kwa hiyo mbolea peke yake haikutosha. Ilifaa kuwa na mapatano: lini mashamba yanafunguliwa, ngombe wanapita njia gani, nani anachunga wakati mbegu ziko chini, na mazao yakiharibiwa, nani anayepima hasara na malipo ni nini. Mambo hayo yalikatwa na wazee wa pande mbili pamoja na wakubwa wa inchi. Sitaingia hapa katika mabishano ya nani alitangulia kufika. Kila kundi lililokula mazao ya shamba lile lilitegemea mapatano yale.

IV. Je, ulikuwa umaskini tu?

Mutu mwenye akili anaweza kunijibu: "Padri, unasifu bure. Wazee hawakutupa kwa sababu hawakuwa na kitu. Mupe maskini mali, utaona kama hatatupa." Jibu hilo lina uzito, na tusilikimbie. Ni kweli kwamba upungufu ulifundisha. Tena wazee hawakuwa malaika wa udongo: waliwasha moto katika malisho mupaka kuunguza msitu, na makaa ya matanuru yaliramba miti mingi.

Hata hivyo umaskini hauelezi yote. Tutazame mbali kidogo. Muji wa Edo, ndio Tokyo ya leo, ulikuwa mumoja wa miji mikubwa sana duniani wakati wa utawala wa ukoo wa Tokugawa, tangu 1603 mupaka 1868. Muji ule haukuwa maskini. Lakini walimaji wa kandokando waliingia mujini kununua uchafu wa vyoo kwa ajili ya mashamba yao. Wenye nyumba za kupangisha walipata mapato kwa kuuza uchafu wa wapangaji. Majivu na karatasi kuukuu zilikuwa na wachuuzi wake. Huko hapakuwa umaskini peke yake: palikuwa bei, desturi na mapatano kati ya muji na shamba.

Na hapa ziwani kwetu kuna mufano ambao wavuvi wote wanaujua. Meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku mupaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka wa 1915. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiisha kupaka mashini mafuta mazito ili kutu isizile. Wabelgia waliiinua, ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba. Ikabeba watu na mizigo miaka zaidi ya tisini. Serikali tajiri iliokota chuma chini ya maji kama vile muhunzi anavyookota resori kando ya barabara. Mwenye hesabu nzuri hatupi, awe maskini au tajiri. Wahenga walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao.

V. Namna mzunguko ulivyokatika

Kwanza walikufa ngombe. Kuelekea mwaka wa 1890 sotoka iliingia Afrika ya Mashariki kutoka kaskazini. Kufika 1891 ilikuwa imekwisha kupiga Rwanda na Burundi, ambako inakumbukwa kwa jina la muryamo. Mahali ambapo zizi lilibaki tupu, shamba nalo lilibaki na njaa, hata kama mwenye shamba hakuwa na ngombe hata mumoja.

Pili ilikuja mimea isiyorudisha kitu. Katika Kongo ya Wabelgia pamba ya lazima ilianza mwaka wa 1917, na uwanda wa Ruzizi ukawa mumoja wa mashamba yake. Mugomba unalisha nyumba na kurudisha majani yake chini. Pamba iliondoka kwenda mbali, na kilichorudi kilikuwa fedha kidogo na kodi ya kulipa. Udongo haujui kula fedha.

Tatu, viliingia vitu visivyo na njia ya kurudi. Jani la mugomba likitupwa linaoza. Mufuko wa plastiki hauozi. Mwisho wa mwaka wa 2017 Serikali ya Kongo ilitoa amri ya kukataza mifuko ya plastiki, lakini kila mutu anayepita soko la Uvira anajua kwamba amri na soko ni vitu viwili. Kule Mururu, karibu na Bukavu, mashini za umeme za Ruzizi I, zilizoanza kazi mwisho wa miaka ya 1950, zinazibwa na plastiki zinazoteremka kutoka Ziwa Kivu. Hata hivyo tuone haki: bidoni ya mafuta ya lita 20 haitupwi na mama yeyote, inakuwa chombo cha maji, mukebe unakuwa taa, mupira wa gari unakuwa viatu. Watu wetu hawajasahau kanuni ya wazee. Wameletewa vitu ambavyo kanuni ile haina dawa yake yote.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, walikatika watu. Tangu mwaka wa 2017 vita vya milima ya Fizi, Uvira na Mwenga vimechoma vijiji vya makabila yote, na maelfu ya ngombe wamenyanganywa. Wengi wamekimbia. Mashamba ya wengine yamebaki bila mulimaji, na malisho bila kundi. Tunahesabu wafu na nyumba, na ni haki kuhesabu hivyo. Lakini kuna hasara nyingine isiyoandikwa katika ripoti: samadi haishuki tena, mabua hayaliwi tena, na wale waliojua tarehe ya kufungua mashamba hawakai tena mahali pamoja ili kuikata.

Na mulima ukiumia, ziwa linajua. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 muto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini maji yale yaliteremka milima iliyopoteza miti. Tope lililojaa katika nyumba za Uvira lilikuwa udongo wa shamba la mutu fulani juu.

VI. Neno la mwisho

Tumeona nini basi? Tuliuliza mzunguko ulisimama juu ya nini, na jembe, mugomba na ngombe vimetujibu kwa sauti moja: ulisimama juu ya majirani. Chuma kilirudi kwa sababu palikuwa muhunzi wa kuaminiwa. Maganda yalirudi kwa sababu palikuwa soko. Samadi ilirudi kwa sababu palikuwa mapatano. Mashirika yanaweza kutuletea mashini ya kusaga plastiki na vitabu vya kutengeneza mbolea. Vyote ni vizuri, tuvipokee. Lakini hakuna mashini inayoweza kufungua shamba la mutu kwa ngombe wa jirani anayemuogopa.

Kwa hiyo, wenzangu mapadri na ninyi mafratri mnaojitayarisha kutumwa katika parokia za milimani, ninawaomba mambo mawili. La kwanza: andikeni mapatano ya zamani wakati wazee wangali hai, majina ya njia za ngombe, miezi ya kufungua mashamba, kipimo cha malipo ya hasara, na muwaulize wazee wa kila upande, si wa upande wenu tu. La pili: siku mnapoitwa kukalisha pamoja walimaji na wachungaji, musianze na habari ya mababu na mipaka, kwa maana hapo kila mumoja atakuja na historia yake kama mukuki. Anzeni na mabua na samadi. Ulizeni: shamba lako linakosa nini? ngombe wako wanakosa nini wakati wa kiangazi? Majibu ya maswali hayo yanahitajiana yenyewe. Wazee wa Rurambo walianzia hapo, na kwa miaka mingi wote walikula.